Alikojoa Lini?

Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto wangu wa pili hospitalini, huku mjini tulikohamia kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Sikio lilikuwa linamuuma. Yule wa kupokea wagonjwa mezani hakuinua macho.

"Nini?"

Nikaanza: "Tangu juzi mutoto..." Akaandika. Nikamwambia bado sijafika kwenye sikio. Akaninyooshea karatasi, akaita mwingine. Kwenye dirisha la dawa wakanipa chupa ya kikohozi. Mtoto wangu hakohoi. Nilirudi pale mezani nikamwambia mbele ya watu wote kwamba hata mnunuzi wa mbuzi huuliza zaidi ya hapo. Watu wakacheka. Na yeye akacheka, na hicho ndicho kilichonichoma.

Sikio lilipoa lenyewe. Hasira yangu haijapoa. Na kila inaponipanda namkumbuka munganga wa mji wa Baraka, kule ziwani, yule wa mwaka wangu wa pili wa ndoa. Sikumbuki kumwambia asante hata siku moja.

Tulimwita munganga kwa sababu kwetu kila mwenye blauzi nyeupe ni munganga. Kumbe hakuwa daktari, alikuwa infirmiye tu, yaani muuguzi, mtu mweusi kama sisi, mwembamba, mzaliwa wa upande wa Kilembwe, na viatu vyake vilikatwa kutoka gurudumu la lori. Dispansere yake ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na barza ndefu. Wagonjwa walikaa kwenye benchi pale barzani, na yeye alikaa nao palepale kwenye kigoda, magoti yake yakigusana karibu na ya mgonjwa. Kwa hiyo kila alichokuuliza, benchi zima lilisikia. Harufu ya dawa ya kuoshea vidonda ilichanganyika na ya ndagala walioanikwa mchangani chini, na upepo wa ziwa ukizibadilisha zamu. Hata leo nikipita mahali wanapoanika samaki, mkono wangu unatafuta mtoto wa kushika.

Mimi si wa Baraka. Ni wa Fizi, juu mlimani, kwenye ofisi za teritware, za utawala wa wilaya. Nilisoma kwa masera, watawa wa misheni, mpaka madarasa ambayo wasichana wa upande wetu walioyafikia walikuwa wachache. Nilijua kupima joto, kukata nguo, kuandika barua ya Kifaransa isiyo na kosa. Kisha nikaolewa ziwani. Mume wangu alifanya kazi Albertville, kwenye meli, akawa anakuja nyumbani kama mgeni. Nikabaki na mama yake, nje kidogo ya Baraka, njia ya kwenda Swima.

Kwa desturi ya nyumba ile, mtoto wa kwanza wa mkamwana ni wa mikono ya mama mkwe. Ni yeye anayemwogesha, ni yeye anayemwosha tumbo, na mbele ya watu ni yeye anayemsemea. Mkamwana ananyonyesha na kunyamaza. Atafunguliwa mdomo baadaye, akishazaa tena. Nilinyamaza. Lakini ndani ya kichwa changu sikunyamaza hata dakika moja.

Mtoto alikuwa na miezi kumi na mmoja alipoanza kuharisha. Siku ya kwanza kidogo. Siku ya pili akatapika. Mama mkwe akatwanga mululuza, yale majani machungu, akakamua maji yake na kumwosha tumbo kutokea nyuma kwa kibuyu chenye shingo ndefu, kama bibi zetu wote walivyofanya. Nikatazama nikiuma meno. Mimi, niliyeandika kwa wino kuhusu usafi, nilaze mwanangu juu ya mapaja ya mtu anayemtia maji ya majani!

Basi nikafanya la kwangu. Katika daftari langu la shule ilikuwa imeandikwa kwamba homa nyingi huanzia katika tumbo chafu, na tumbo chafu husafishwa kwa chumvi ya kuharisha, ile inayoendesha tumbo. Nilikuwa na pakiti yake ndani ya sanduku. Mama mkwe aliposhuka ziwani kugeuza ndagala, nilikoroga nusu kijiko, nikambana mtoto pua, nikamnywesha. Sikumwambia mtu. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi ya siku ya tatu macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Alikuwa analia bila sauti. Mama mkwe alimfunga mgongoni mwake bila kunitazama, akasema, "Twende." Nikamfuata nyuma na mfuko wa nguo.

Munganga alipofikia zamu yetu alivuta kigoda.

"Yambo, mama."

"Yambo, munganga."

"Mulitoka saa gani?"

"Jogoo wa kwanza."

"Njia iko aje?"

"Tope! Ile daraja ya miti imekwenda na maji."

"Eeh! Sasa mulipita wapi?"

"Kule juu, kwa shamba ya pamba."

Nilitaka kumpiga. Mtoto anakufa, mtu anauliza habari za daraja! Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hakuwa anauliza daraja. Mama mkwe alikuwa anamfungua mtoto mgongoni na kumweka mapajani, na yeye alikuwa anamtazama mtoto: kama macho yanafuata mkono, kama kilio kina machozi, kama shingo inasimama. Maswali ya njia yalikuwa ya kumpa mama mkwe pumzi, na yeye nafasi ya kuona.

"Haya. Jana. Anzia jogoo."

Hakuuliza kamwe "tangu lini". Alisema ukimwuliza mtu tangu lini atakujibu tangu zamani, na zamani si siku. Alitaka siku nzima ya jana, kutoka jogoo mpaka kulala: nani aliamka kwanza, mtoto alinyonya au alikataa, nani alimbeba, alikaa wapi. Mama mkwe akasimulia vizuri sana. Alikuwa msimuliaji. Alipofika asubuhi akaruka hadi mchana, alipofika magharibi akaruka hadi kulala.

Munganga akarudi nyuma. "Ile siku lori ya pamba ilikwama pale kwa mulima, mutoto alikuwa anacheza?"

"Alikuwa anacheza. Alikuwa anapiga makofi."

"Siku ya soko?"

"Soko... alikuwa ameanza. Kidogo kidogo."

"Na kwenu nyumbani munasema ni ugonjwa gani?"

Hili nalo hakuna aliyewahi kuniuliza tangu siku ile. Mama mkwe akanyoosha mgongo. "Ni meno. Na kuna jirani mumoja, macho yake hapana mazuri, lakini simutaji."

"Usimutaje." Akanawa kidole, akakifuta, akakipitisha kwenye fizi za mtoto, akakitoa, akakitazama. Kilitoka kikavu kama kilivyoingia. "Na tumbo, mulimuosha?"

"Hapana."

Ilitoka upesi, ile hapana. Kila mwanamke kwenye benchi lile alikuwa nayo tayari mdomoni, kwa sababu siku moja mzungu mmoja wa mambo ya afya alikuwa amepita vijijini akivunja vibuyu kwa kiatu. Tangu hapo hakuna mtoto aliyeoshwa tumbo pwani nzima ya ziwa, ukiwasikiliza.

Munganga hakubisha. Akajikuna goti, akageukia benchi kama mtu aliyechoka na mambo ya mkewe nyumbani.

"Bibi yangu naye anatwanga mululuza. Anasema kwa mutoto wa mwaka moja unatia pilipili mbili."

"Mbili?" Mama mkwe aliruka. "Bibi yako ni wa wapi?"

"Wa milimani."

"Nilijua!" Akanitupia jicho, maana na mimi ni wa milimani. "Batu ba milima, hapana kujua kitu! Pilipili mbili ndani ya tumbo ya mutoto? Unataka kumuzika? Ni moja, munganga. Moja! Na unatoa mbegu yote, na maji iwe ya vuguvugu, hapana ya moto!"

Benchi lilipasuka. "Iyooo!" Mwanamke mmoja mwenye kidonda cha mguu akapiga paja lake: "Mama, kinywa kimekutoroka kama mbuzi!"

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa kikwembe. Munganga hakucheka. Alisema kwa adabu kabisa, kama mwanafunzi:

"Asante, mama. Nitamuambia. Sasa wewe ulimuosha mara ngapi?"

Kisha, chini ya kikwembe: "Mbili. Asubuhi na magharibi."

"Na maji ilirudi yote?"

"Ilirudi na nyingine."

Niandike ukweli: nilifurahi. Mwanangu alikuwa anakauka pale mbele yangu, na moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma kwa sababu mama mkwe amekamatwa. Kama kuna kitu ninachojionea aibu mpaka leo, ni furaha ile.

"Alikojoa lini?" munganga akauliza.

Swali dogo kabisa. Mama mkwe alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye. Yeye alidhani mimi ndiye niliyebadilisha nguo. Lakini aibu ilikuwa bado ya moto usoni mwake, na hakutaka kuaibika mara ya pili kwa kuonekana hajui mambo ya mjukuu wake. Akasema kwa nguvu: "Jana mchana. Mingi."

Munganga akatikisa kichwa kwa kukubali. Mtoto alikuwa bado ananyonya kidogo, kuosha tumbo kumekoma jana, mkojo upo. Akasema twende nyumbani, tuchemshe maji, tutie sukari na chumvi kidogo, tumpe kwa kijiko bila kupumzika, turudi kesho mapema. Mama mkwe akaanza kukunja kikwembe cha kumbebea. Munganga akasimama, akaenda hadi mlangoni, akashika ubao wa mlango, akageuka.

"Kitu gani sikuuliza?"

Alimwuliza kila mtu hivyo, mwishoni. Nilikuja kulijua baadaye. Siku ile nilidhani ameona mpaka ndani ya sanduku langu.

Nilijua vitu viwili. Nilijua kwamba nguo za mtoto zilikuwa na uharo tu, bila mkojo, tangu jana asubuhi, kwa sababu mimi ndiye niliyezikagua nikijisifu kwamba chumvi yangu imemsafisha. Na nilijua habari ya chumvi. Nikisema, mama mkwe atakuwa na hadithi ya kusimulia mpaka nitakapokuwa bibi: mkamwana wa masera, mwenye kalamu, aliyemtilia mtoto dawa ya duka kwa siri. Zaidi ya hapo, nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya benchi. Nisiposema, tutarudi ile njia ya tope, juu kwenye pamba, na mtoto mgongoni, na kijiko. Nilimtazama mwanangu. Ulimi wake mdogo ulikuwa umetokeza, una ukungu mweupe.

"Nguo haina mukojo," nilisema. "Tangu jana asubuhi. Hakukojoa."

Mama mkwe aligeuka taratibu, kama mtu aliyesikia kigoda kikisema.

"Na mimi nilimupa chumvi ya kuharisha. Nusu kijiko. Mama hajui. Nilimupa yeye akiwa ku ziwa."

Munganga alirudi, akakaa. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa sauti ileile ya kuuliza daraja.

"Kijiko cha supu ao cha chai?"

"Cha supu."

"Kabla ya kumuosha magharibi ao kisha?"

"Kabla."

"Kisha akaharisha mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Ilikuwa kama bomba."

Akatuambia sote wawili, bila ukali: "Bamama. Mumoja anavuta maji ya mutoto kwa nyuma, mwingine anaisukuma kutoka mbele. Mutoto ni kama chungu kidogo cha maji."

Kutoka kwenye benchi mtu akacheka. Yule wa mguu: "Ah, basomi nao!"

Nilingoja mama mkwe acheke naye. Ilikuwa haki yake. Lakini alimgeukia yule mwanamke na kumwambia: "Funga kinywa na uangalie mainzi ya mguu wako. Huyu ni mutoto wa kwetu." Mpaka leo sijui alimaanisha mtoto aliyekuwa mapajani mwake au mimi, na sikumwuliza.

Hatukurudi nyumbani. Munganga alichemsha sindano, akamtia maji ya dawa chini ya ngozi ya mapaja, mapaja yakavimba kama mapapai mawili, na mtoto akalia sasa kwa sauti. Mimi na mama mkwe tulikaa kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe na kijiko, tukibadilishana bila neno. Jua lilikuwa bado halijashuka mtoto alipokojoa. Alimkojolea mama mkwe kikwembe chake kizuri, na yule mama aliinuka akakinyoosha kwa mikono miwili, akaita barzani kama anayeuza: "Munganga! Kuja uone! Njoo uone!" Munganga akaja, akaona, akauliza, "Rangi gani?"

Tulikaa pale siku tatu. Ninazikumbuka kuliko harusi yangu. Mtoto alilala, mimi sikuwa na kazi isipokuwa kijiko, nikawa nasikiliza benchi.

Alikuja mvuvi mmoja, mzee wa kifua kipana, akasema mwili mzima unamuuma. "Mwili yote, munganga, kutoka nywele mpaka kucha." Munganga akamwuliza: "Kama niko na dawa ya kupakaa ya mahali pamoja tu, nikuwekee wapi?" Mzee akafikiri sana, benchi likamngoja, kisha akashika goti lake la kushoto. Basi ugonjwa ukaanzia hapo.

Alikuja msichana na shangazi yake. Munganga alimtuma shangazi kwanza akatafute kuni za kuchemshia sindano, eti zimekwisha. Rundo la kuni lilikuwa nyuma ya nyumba, nililiona kwa macho yangu. Shangazi alipoondoka akamsogelea, akamwuliza chini chini ni mwezi gani alifua vitambaa vyake kwa mara ya mwisho. Sikusikia jibu. Niliona tu kwamba munganga hakulirudia kwa sauti, ingawa benchi zima lilikuwa limenyoosha masikio.

Na kulikuwa na yule aliyeulizwa kikohozi chake kinakuja saa ngapi, akasema hajui, hana saa. Munganga akamwambia: "Kinakuja kwanza ni kikohozi ao ni imamu kuita swala?" "Ni kikohozi. Kikohozi ndiye anamuamusha imamu." Watu wakacheka, na mgonjwa mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, na munganga akainamisha sikio akisikiliza kile kikohozi kilichokuja bure.

Aliandika baadaye tu, mtu akishaondoka. Ukiwa unaongea, mikono yake ilikuwa tupu. Sijasoma jambo hilo katika daftari lolote, na nilisoma madaftari mengi. Pale shuleni tulifundishwa majibu. Sikumbuki somo hata moja lililotufundisha kuuliza.

Nasikia aliondoka Baraka mwaka uliofuata, wakampeleka kwingine, na baadaye akarudi kwao Kilembwe kulima mihogo. Sijui kama ni kweli. Nilipoambiwa nilikasirika, sijui na nani. Mtu kama yule unamwacha alime mihogo, halafu unaweka mezani mwenye kusema "Nini?"

Asubuhi ya siku ya mwisho alikuja kwenye mkeka wetu na kigoda chake. Mtoto alikuwa anavuta sikio la nyanya yake. Tulikuwa bado hatujazungumza, mimi na mama mkwe, zaidi ya lete na shika. Munganga akakaa, magoti yake karibu na ya mama mkwe kama desturi ilivyotaka, akasema:

"Haya, mama. Jana. Anzia jogoo."

Mama mkwe akafungua kinywa. Akakifunga. Akamtoa mtoto sikioni, akaniwekea mapajani, akajisogeza pembeni kwenye mkeka mpaka munganga akalazimika kugeuza kigoda kunielekea mimi.

"Muulize mama yake," akasema. "Mi nitamusahihisha."

Nikaanza na jogoo. Nikasema mtoto aliamka kabla yetu, akanyonya titi la kushoto, la kulia akalikataa; nikasema alikojoa mara nne na rangi zake; nikasema alitapika mara moja, kidogo, maziwa matupu; nikasema nilimpa vijiko ishirini mpaka mchana. Nilieleza siku nzima hadi kulala, sikuruka asubuhi wala magharibi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyenikatiza, mara mbili, kwa habari ya vijiko. Alisema ni kumi na saba. Na kweli, vilikuwa kumi na saba.